Jenerali aliyekataa kuhesabu mchele

Machi 1944 Luteni Jenerali Renya Mutaguchi, kamanda wa Jeshi la 15 la Japani, aliwavusha watu wake mto Chindwin nchini Burma kwenda kuiteka Imphal na Kohima, upande wa India. Walikuwa kama 85,000. Kila askari alibeba mgongoni chakula cha wiki tatu. Mbele yao ilikuwa milima iliyofunikwa na msitu, nyuma yao mto, na mvua za monsuni zilikuwa zimebakiza miezi miwili tu kuanza kumwagika. Wiki ya nne wangekula nini? Mutaguchi alikuwa na jibu moja: watakula cha Waingereza.

Wengi wanaoandika kuhusu vita vile huvutwa na ushujaa wa pande zote mbili, na ushujaa ulikuwepo, tena wa kutisha. Lakini mimi naona jeshi lile lilishindwa mezani kwa Mutaguchi, kabla mtu wa kwanza hajalowesha miguu Chindwin. Mnadhimu wake mkuu, Obata, alikuwa mtu wa uchukuzi kwa taaluma. Alimwambia bosi wake kwamba jeshi la ukubwa ule haliwezi kulishwa ng'ambo ya milima ile. Mwaka 1943 akaondolewa kazini. Baada ya hapo nani angethubutu kusimama mbele ya ramani na kuuliza habari za mchele?

Tumtendee haki Mutaguchi: mpango wake haukutoka hewani. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Malaya na Singapore wakila kwenye maghala ya adui, mpaka chakula hicho wakakipa jina la Churchill. Na huko mbele, kilomita kama 75 kutoka Kohima, kulikuwa na Dimapur, kituo cha reli chenye maghala yaliyotandazwa kwa urefu wa maili 11 na upana wa maili moja. Hazina ya jeshi zima ilikuwa pale. Tatizo ni kwamba alipanga ushindi ambao ni lazima upatikane kwa tarehe fulani, na usipopatikana tarehe hiyo, hakuna cha kutia mdomoni.

Akaongeza wazo la ng'ombe. Maelfu ya ng'ombe yaliswagwa pamoja na jeshi, wabebe mizigo kwanza kisha wachinjwe, kama ilivyosimuliwa kwamba Genghis Khan alifanya. Mtu yeyote aliyewahi kuchunga angemwambia kwamba ng'ombe hatembei kwa mwendo wa askari, hapandi genge lenye utelezi akiwa na mzigo, na asipopata malisho anakonda hadi anakufa. Wengi walisombwa na Chindwin siku za kuvuka. Wengine walitumbukia makorongoni na mizigo yao ya risasi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba onyo lilishatolewa mwezi mmoja tu kabla. Februari 1944, katika jimbo la Arakan upande wa pwani, Wajapani waliizunguka Divisheni ya 7 ya India kwa mbinu ileile: kata barabara, ngoja adui achanganyikiwe, chukua maghala yake. Safari hii adui hakukimbia. Alijifungia katika eneo dogo la mashamba ya mpunga na ndege za Dakota zikamletea kila kitu kwa miamvuli, kuanzia risasi hadi sigara, barua na nyembe. Wiki tatu hazijaisha, wenye njaa walikuwa waliozunguka, si waliozungukwa. Mutaguchi aliendelea na mpango wake kama ulivyokuwa.

Hapa ndipo tofauti ya makamanda wawili inapoonekana. Jenerali William Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 la Uingereza, hakuwa na vifaa tele. Burma ilikuwa ya mwisho kwenye orodha ya London na ya Washington. Alichokuwa nacho ni watu waliokaa na kalamu. Mkuu wake wa ugavi, Snelling, alijua kwamba divisheni ya kawaida hutumia takriban tani 400 kwa siku. Msituni wakaishusha hadi karibu 120. Dakota moja ilibeba kama tani mbili na nusu, kwa hiyo divisheni moja ilihitaji safari zisizopungua 48 kila siku, jua liwake au mawingu yashuke hadi kwenye vilele. Barabara ya Imphal ilipokatwa mwisho wa Machi, watu wapatao 150,000 walikuwa ndani. Kabla haijafunguliwa tarehe 22 Juni, ndege zilikuwa zimeingiza takriban tani 19,000 za vifaa na askari 12,000. Lakini kwangu tarakimu yenye mafunzo zaidi ni ya waliotolewa: wagonjwa na majeruhi kama 13,000, pamoja na watu 43,000 wasio wapiganaji. Kila mdomo uliopandishwa ndege kwenda India ulikuwa mgao uliobaki kwa anayepigana. Hilo nalo ni ugavi, na ni wachache wanaolifikiria.

Miamvuli ikawa haba. Hariri ilikuwa inaenda Ulaya. Snelling akawaendea wafanyabiashara wa Calcutta, mji wa viwanda vya juti, akataka miamvuli ya kitambaa cha magunia. Ilipatikana kwa takriban pauni moja kila mmoja, wakati wa kawaida uligharimu zaidi ya 20. Haikuwa mizuri kama ya hariri, mtu asingejirusha nayo, ila kwa unga na makombora ilifaa kabisa. Vingine havikuhitaji mwavuli. Mchele ulitiwa kwenye gunia, gunia likatiwa ndani ya gunia jingine kubwa zaidi likiwa halijajazwa. Likigonga ardhi la ndani linapasuka, la nje linabakiza punje. Mtupaji anasimama kwenye mlango wa ndege uliong'olewa, rubani anainamisha bawa juu ya bonde, kengele inalia, na gunia linasukumwa kwa mguu. Chini, askari walifundishwa kukaa mbali na uwanja wa kutupia, kwa sababu gunia la mchele linalotoka angani huua kama bomu, na kuna waliouawa hivyo.

Kohima, upande wa pili wa mizania. Luteni Jenerali Kotoku Sato na Divisheni yake ya 31 walifika Aprili mwanzoni na kuwabana walinzi wachache kwenye tuta la mlima kwa wiki mbili. Walinzi wale walikunywa nusu painti ya maji kwa siku. Maji yao yalidondoshwa kwa ndege pia, na sehemu yake iliangukia kwa Wajapani. Lakini wiki tatu za Sato ziliisha. Akapeleka ujumbe baada ya ujumbe akilalamika kwamba tangu avuke Chindwin hajaletewa risasi moja wala punje ya mchele. Akajibiwa kwa maneno ya kumtia moyo. Mwishoni mwa Mei akaamua mwenyewe kuwaondoa watu wake, kinyume cha amri, jambo ambalo kwa kamanda wa divisheni wa Japani lilikuwa halijasikika. Walimvua madaraka na kumtangaza kwamba akili yake haiko sawa, ili asipelekwe mahakamani akayasema hayo hadharani. Kwa maoni yangu Sato ndiye aliyekuwa na akili timamu kuliko wote katika jeshi lile.

Njia waliyorudia ilikuja kuitwa na Wajapani wenyewe barabara ya mifupa. Kuhara damu, malaria, beriberi, na mvua isiyokatika. Katika wale 85,000, zaidi ya 50,000 walikufa, walijeruhiwa au walipotea, na sehemu kubwa ya waliokufa hawakupigwa risasi na mtu.

Waliotembea juu ya njia hiyo mara tu baadaye walikuwa watu wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Fowkes, iliingia Tamu Agosti 1944. Hawa walikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), Keya kama wazee walivyowaita, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na lugha yao ya pamoja kambini ilikuwa Kiswahili. Tamu waliikuta imejaa maiti za Wajapani, mamia, wengine wamekaa vitini na wengine wamelala hospitalini walikoachwa. Kutoka hapo waliamriwa kushuka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, katikati ya mvua.

Bonde la Kabaw lilikuwa na sifa mbaya hata kwa wenyeji: malaria kali, na tifasi ya vichakani inayoletwa na utitiri. Kwa nini divisheni ya Waafrika ilipewa bonde hilo? Maofisa wa Kizungu wa wakati ule waliamini kwamba Mwafrika anaistahimili malaria kuliko wengine. Imani hiyo ilikuwa na ukweli nusu, na nusu ya ukweli ni hatari katika hesabu za tiba. Kilichowaokoa ni kidonge. Mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Aliyeugua malaria alisafirishwa hadi India, na mpaka arudi ilipita miezi mitano. Piga hesabu ya malori, mabehewa, vitanda na wauguzi! Slim akaweka vituo vya tiba nyuma kidogo tu ya mapigano, mgonjwa akawa anarudi kazini baada ya wiki chache, na akaamuru kila mtu ameze mepakrini kila siku mbele ya mkubwa wake. Kulikuwa na uvumi kwamba vidonge vile vya manjano vinamaliza nguvu za kiume. Alipima vikosi kwa kushtukiza, na kamanda ambaye watu wake hawakuwa wanameza alifukuzwa. Ilibidi afukuze watatu, wengine wakaelewa. Kufikia 1945 wagonjwa walikuwa mmoja tu kwa kila askari elfu kwa siku. Kidonge kile kilipunguza mzigo wa uchukuzi kuliko ndege yoyote ambayo angeweza kupewa.

Katika Kabaw gari halikupita kwa nguvu ya injini peke yake. Vijana walikata miti, wakalaza magogo kwa upana juu ya tope, wakavuta magari ya jeep na mizinga kwa kamba, na kesho yake mvua ikayasomba magogo. Chakula kilitoka angani. Miezi minne baadaye, mwanzoni mwa Desemba, walikuwa Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, mto uleule ambao Mutaguchi aliuvuka akienda upande wa pili. Wahandisi wakaunganisha daraja la Bailey, la vipande vya chuma, linaloelea, lenye urefu wa futi 1,154, takriban mita 350, lililokuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati ule. Lilikamilika tarehe 10 Desemba.

Tarehe hiyo ina jambo jingine. Asubuhi ya 10 Desemba Slim aliamshwa na mngurumo wa ndege nyingi juu ya makao yake. Zilikuwa Dakota 75 za Wamarekani, zimeamriwa ziende China bila yeye kuambiwa. Baadhi zilikuwa tayari zimepakiwa vifaa vyake, vikateremshwa na kuachwa uwanjani. Mpango wote wa kwenda Mandalay, mji wa katikati ya Burma, ulisimama juu ya ndege zile. Ni hapa ninapomheshimu zaidi, kwa sababu hakutoa hotuba. Alimgeukia mhandisi wake mkuu, Hasted, akauliza mto unaweza kubeba nini. Pale Kalewa wakaanzisha karakana ya kujenga mashua bapa kwa miti ya msaji iliyokokotwa na tembo kutoka msituni, mamia ya mashua, pamoja na boti mbili ndogo zenye bunduki kuzisindikiza, zilizopewa majina ya binti wa Slim na binti wa Mountbatten, kamanda mkuu wa Washirika katika Asia ya Kusini-Mashariki. Na barabara ya kufika huko, ambayo hakukuwa na mawe wala mashine za kuijengea, waliitandika kitambaa cha magunia kilichochovywa lami, kipande juu ya kipande kama makuti ya paa, kwa umbali wa maili zipatazo 100. Juti tena. Jeshi lile lilifika karibu na Rangoon, Mei 1945, kwa njia ya magunia.

Sasa nirudi nyuma kizazi kimoja. Kijana wa miaka 25 aliyekuwa Kabaw mwaka 1944 alizaliwa 1919. Baba yake au amu yake anaweza kabisa kuwa alibebeshwa mzigo katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walipokuwa wakimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuanzia Kilimanjaro hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma. Mbung'o waliua makumi ya maelfu ya farasi na baghala. Kikabaki kichwa cha mtu.

Hesabu ya mpagazi ni rahisi na haina huruma. Mzigo ni kama kilo 25. Yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja kwa siku. Akitumwa mwendo wa siku kumi kwenda na kumi kurudi, anakula kilo 20, anafikisha tano. Ongeza siku mbili na nusu za njia na hakuna kinachofika. Amebeba chakula chake mwenyewe kwenda na kurudi. Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza, alisonga mwaka 1916 kwa kasi iliyosifiwa magazetini, akafika Morogoro mwezi Agosti, na askari wake wakiwa kwenye nusu mgao kwa sababu hesabu hii ilishamshinda njiani. Askari akiwa kwenye nusu mgao, mpagazi yuko kwenye nini? Alipewa unga wa mahindi, mara nyingi wa kusaga vibaya, na wengi wao walitoka kwa watu waliozoea ndizi, wali au mtama. Jioni amefika hoi, kuni mbichi, sufuria moja kwa kundi zima, unga unaliwa haujaiva. Kuhara damu kuliwamaliza. Idadi rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake inazidi 95,000, na walio wengi walikufa kwa ugonjwa.

Wazee waliokusanywa pale Kariakoo, Dar es Salaam, na katika kambi kama hiyo jijini Nairobi, hawakuandikiwa makaburi. Maandishi ya sanamu za askari yanawasifu kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina hakuna. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika vita ile wakiwatumikia Waingereza, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mimi sioni mambo mawili hapa. Daftari lililokosa jina la mpagazi wakati wa kugawa chakula ndilo lililolikosa wakati wa kuzika.

Ndiyo maana nakataa maelezo kwamba 1944 ilikuwa tofauti kwa sababu ya ndege tu. Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, iliyokuwa bonde la Kaladan, bado ilitembea na vikosi vya wachukuzi wa kichwani. Lakini wachukuzi wale walihesabiwa. Mgao wao ulidondoshwa kutoka angani pamoja na wa askari, wakatibiwa pamoja nao. Hiyo haina maana kwamba Waafrika walitendewa haki. Mshahara ulipangwa kwa rangi, na hata malipo ya kuagwa baada ya vita yalipangwa kwa rangi. Slim alihitaji watu wenye afya ili ashinde, na hilo lilitosha kuwaweka hai.

Somo hilo lilirudi Kenya kwa njia mbili. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa KAR huko Burma. Miaka michache baadaye alikuwa Jenerali China, akiongoza wapiganaji wa Mau Mau wa Mlima Kenya dhidi ya Waingereza, na alijua msitu unachotaka: mtu wa kukuletea. Chakula kilitoka vijijini, kikabebwa usiku na kina mama na wasichana hadi ukingo wa msitu. Dawa, fedha na risasi zilitoka Nairobi. Waingereza nao walikuwa wameisoma Burma. Januari 1954 Itote alikamatwa. Aprili, kwa Operesheni Anvil, Jenerali Erskine aliikata Nairobi. Kuanzia katikati ya mwaka zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vyenye uzio na walinzi, na kuzunguka msitu wa Mlima Kenya ukachimbwa mtaro wa maili 50, mpana na wenye kina, na miti ya mianzi iliyochongwa ikasimikwa ndani yake. Msituni wakabaki na asali na nyama ya mitego. Ndani ya vijiji watoto walikufa kwa njaa.

Mtaro ule haukuchimbwa na mashine. Walichimbishwa wanakijiji walewale, na kwa kuwa wanaume walikuwa vizuizini, wengi walikuwa wanawake, pamoja na wale waliokuwa wakibeba chakula kwenda msituni. Majenerali wa msituni tunawajua kwa majina. Kina mama waliowalisha tunawajua wachache mno. Aliyekuwa binti wa miaka 15 mwaka 1954 sasa amepita miaka 85, na vyuo vikuu vyetu vikitaka kumwuliza alibeba nini, kwa njia gani na kwa nani, viende mwaka huu.